Mwamsha Mashine

Pale Majengo, Dodoma, watu walimwita Jamaldini "Fundi", ingawa hakuna aliyepata kumwona ameshika bisibisi. Ufundi wake ulikuwa mmoja tu: aliamsha kompyuta ya mkewe. Anayetaka kucheka na acheke, lakini ajue kwanza mji huu ulivyokuwa miaka ile mashirika ya umma yalipouzwa moja baada ya jingine, wanaume wazima wakarudishwa nyumbani na barua ya shukrani, wakaanza uzeeni kujifunza kukaa barazani asubuhi. Jamaldini alikuwa karani wa ghala katika shirika mojawapo. Asubuhi moja ghala likapata mwenyewe mpya, na mwenyewe mpya alikuja na karani wake.

Lakini ninayetaka kumsimulia ni mkewe, Adija. Alizaliwa hapo hapo Majengo, katika ukoo wa wale waliofika zamani na misafara, wakauza nguo na chumvi, wakaoa, wakabaki. Surua ilimpofusha kabla hajaanza shule. Baba yake, Mzee Makame, alikuwa mkaidi, na safari hii ukaidi ulimfaa mtu. Majirani walipomshauri amwache mtoto nyumbani ahurumiwe, alimpakia kwenye gari akampeleka Buigiri, kwenye shule ya wasioona ya wamisionari, na waliosema anampeleka mtoto wa Kiislamu akabatizwe aliwaacha wakisema. Mtoto alirudi likizo na Uislamu wake mzima, na juu yake anajua nukta nundu, yale maandishi ya vinundu yasomwayo kwa ncha za vidole. Alikuwa akisoma usiku na taa imezimwa, dada zake wakiona wivu.

Ukubwani alipata kazi Makole, mtaa wa hapo hapo mjini, kwenye kituo kidogo cha wafadhili kilichogeuza vitabu vya shule kuwa vya nukta nundu. Kazi yake ilikuwa kusahihisha. Zamani haikuwa kazi ya kumtoa mtu jasho, maana darasa zima la nchi nzima lilisoma kitabu kimoja. Kisha biashara ya vitabu ikafunguliwa, kila mchapishaji akaja na chake, kila shule ikachagua chake, na mtoto asiyeona aliyeketi kati ya wenzake alitaka kitabu kilekile walichokishika wao. Makaratasi pale Makole yakapanda hadi kwenye madirisha.

Mwaka wa mvua za Elinino wafadhili walileta kompyuta. Pamoja nayo kilikuja kibao cha nukta, kirefu kama rula ya mwalimu, kinachowekwa mbele ya vitufe. Juu yake kulikuwa na safu ya vijipini vyembamba vilivyopanda na kushuka, vikiandika kwa vinundu maneno yaliyokuwa kwenye skrini. Adija alipopitisha vidole mara ya kwanza na kusoma sentensi iliyofutika na kuja nyingine mahali palepale, alirudisha vidole mwanzo wa safu, akasoma tena. Kisha akaomba aachwe peke yake nayo kidogo.

Programu ya kusoma skrini ilitakiwa itoe na sauti, na mwanzoni ilitoa. Ila ilikuwa sauti ya Kizungu, ikikuta neno kama ng'ombe inajikwaa kama imekanyaga mwiba. Siku moja umeme ulirudi kwa kishindo ukaunguza sehemu ya sauti, na hakuna aliyeweka matanga.

Basi Adija akabaki na kibao peke yake, na hapo ndipo mtego ulipokuwa. Kila aina ya kibao ina dereva wake ndani ya kompyuta, kijiprogramu kinachojua lugha ya kibao hicho na si ya kingine. Kompyuta ya siku zile ilipowashwa ilitaka mtu aiambie: kibao ni cha aina fulani, kimechomekwa soketi fulani ya huku nyuma. Kuiambia hivyo kulitaka kusoma skrini. Adija ili asome skrini alihitaji kibao, na kibao hakiamki mpaka kompyuta iambiwe. Ni sawa na ufunguo uliofungiwa ndani ya nyumba.

Umeme ungekuwa wa kuaminika mambo yangekuwa mepesi, maana programu ikishaambiwa ilikumbuka. Ukikatika ghafla, ilisahau yote. Na umeme wetu miaka ile uliondoka bila kuaga. Watu walitania kwamba hukaa kitako pale tu wakubwa wakiwa na mkutano kwenye ukumbi wa Chimwaga.

Mtaalamu aliyekuja kufunga mitambo alitaka amfundishe mtu mmoja anayeona. Walimu wa kituo waliangaliana. Jamaldini, ambaye ghala lake lilikuwa limeuzwa miezi michache nyuma, alikuwa amesimama mlangoni baada ya kumleta mkewe, hana pa kuwahi. Akafundishwa yeye.

Hapo ndipo desturi ilipoanza. Umeme ukikatika na kurudi, Bartolomayo, mlinzi wa kituo, alipanda baiskeli hadi Majengo, kwenye baraza walipokuwa wakicheza bao, akasimama wima kama aliyeleta ujumbe wa Mkuu wa Wilaya, akasema, "Fundi, mashine imelala." Wanaume waliinua miguu kumpisha. Jamaldini alijikung'uta kanzu, akaaga bila haraka, akapanda nyuma ya baiskeli. Kituoni alikuta kiti chake na kikombe chake cha chai. Aliketi, akashika kipanya, akabofya hapa na pale akinong'ona, na baada ya muda vinundu vikainuka chini ya vidole vya mkewe. "Haya, tayari, Mama Aiman," alisema kila mara, na Aiman ni mtoto wao wa kwanza.

Aliwaonya wengine wasiguse. Alisema mtu akikosea soketi kibao kinaungua, na kibao kile wafadhili walikwisha sema hakuna kingine. Mama Dorothea, mkuu wa kituo, mwanamke wa Kigogo mwenye sauti ya kuongoza kwaya, akapiga marufuku mtu yeyote kusogelea kipanya isipokuwa Fundi. Na tuseme kweli, hakuna aliyelalamika. Mali ya mfadhili huogopwa kuliko mali ya baba.

Adija alimpenda mumewe kwa kazi ile. Alizijua nyayo zake kwenye korido kabla hazijafika mlangoni, na zikikaribia alijikuta anatabasamu mbele ya kibao kilichokufa. Wanawake wengine walikuwa na waume wanaowapa pesa ya mboga. Yeye alikuwa na mume anayempa herufi.

Mwaka wa sensa ilitolewa programu mpya. Kituo kilialikwa kupeleka mtu Morogoro kwa semina ya siku chache. Adija alikuwa amejifungua Salwa, hajatoka arobaini, akasema aende mumewe. Jamaldini alirudi na CD ya programu ndani ya bahasha, akaiweka kwenye kompyuta, akakaa nayo mchana kutwa. Adija alimuuliza kilichobadilika ni nini.

"Rangi tu," alijibu. "Wamepambapamba."

Adija akacheka, kwamba Wazungu wamewatengenezea wasioona rangi mpya. Alilisimulia jambo hilo kwa watu kama kichekesho, na akalirudia miaka kadhaa.

Mwaka uliofuata msimamizi wa chumba cha usahihishaji alistaafu. Kila mtu alidhani nafasi ni ya Adija, naye mwenyewe alidhani hivyo, akaanza hata kupanga kichwani meza ya nani ihamie wapi. Mwingine aliyeomba alikuwa Nathanaeli, mwalimu anayeona, mtu wa Haneti, mpole, ambaye kila akikwama kwenye nukta za hesabu alikuja kumuuliza Adija. Mama Dorothea aliwaita mmoja mmoja. Kwa Adija alikuwa na swali moja: siku Jamaldini hayupo, nani ataamsha mashine? Msimamizi hawezi kukaa ameshika tama kwa sababu mumewe ameenda msibani. Nathanaeli akapewa.

Jioni hiyo Jamaldini alimletea zabibu za Makutupora, akakaa naye mkekani akimtilia kiganjani moja moja. Adija alimuuliza kama kweli hakuna njia ya mashine kujiamkia yenyewe.

"Hizi hazina njia hiyo," alisema. "Labda zijazo."

Mtegemea cha nduguye hufa maskini, waliotangulia walikwisha sema. Lakini nani huona mumewe ni nduguye wa kumtegemea? Adija aliona macho ya Jamaldini ni macho yake, yamekaa tu kwenye uso mwingine. Alikula zabibu zake, akashukuru.

Miaka ikaenda, na mgao mkubwa wa umeme ukaja. Mashine ililala hata mara tatu kwa siku, na Bartolomayo aliota misuli ya mapaja. Ndipo Nathanaeli akatangaza anarudi Haneti kulima mashamba ya marehemu baba yake. Nafasi ikawa wazi tena. Mama Dorothea alimwita Adija, akamwambia waziwazi kwamba moyo wake uko kwake, na kwamba usaili ni wiki ijayo, na kwamba swali ni lilelile. Adija alitoka ofisini mle na uso wa mtu aliyekwisha kukosa. Safari hii akikosa, alijua, angeletewa msimamizi kutoka nje, kijana, na angezeeka akisahihisha chini yake.

Siku mbili tatu baadaye alifika mgeni, Bupe, msahihishaji wa nukta nundu kutoka Mbeya, asiyeona kama Adija, kuja kuchukua vitabu vya sayansi vya darasa la nne. Kurasa za mwisho zilikuwa hazijapitiwa. Umeme ulikuwa umerudi punde, mashine imelala, na Bartolomayo amerudi kutoka Majengo na habari kwamba Fundi yuko Makutupora mazikoni na atakuja adhuhuri. Bupe alikaa, akanywa chai, akauliza habari za watoto, akamaliza habari za watoto. Mwisho uvumilivu ukamwishia.

"Dada Adija, tunamsubiri nani?"

Adija akamweleza. Bupe alisikiliza, halafu akauliza kama hawakupata ile programu ya Morogoro. Adija akasema walipata, ipo ndani humo. Basi Bupe akashangaa, na katika kushangaa kwake akaeleza, kama mtu anayeeleza kwamba mlango hufunguliwa kwa kitasa, kuwa programu ile inatafuta kibao yenyewe. Kompyuta ikiwaka inapiga hodi kwenye kila soketi, inauliza kuna nani, kibao kinajitaja jina, na dereva wake anaitwa. Ni kijisanduku kimoja tu kinachowekwa tiki, mara moja kwa maisha, hata umeme ukatike. Huko Mbeya wao wanawasha wenyewe na kuendelea na kazi.

Mgeni njoo mwenyeji apone. Adija alimwita Nathanaeli, ambaye bado alikuwa hajaondoka, akamwambia ashike kipanya. Nathanaeli alisita, akauliza kibao kikiungua itakuwaje.

"Kikiungua, mimi ndiye niliyekiunguza," alisema Adija.

Bupe alimwelekeza kwa kumbukumbu, fungua hapa, shuka mpaka pale, na Nathanaeli akasoma kile anachokiona, mpaka akafika kwenye kijisanduku chenyewe. Hakikuwa na tiki. Akaiweka. Wakazima kompyuta, wakaiwasha, na Adija akaweka vidole juu ya kibao akangoja. Hakuna aliyegusa kitu. Vinundu vikainuka.

Alisema waizime tena. Waliizima, wakaiwasha, vikainuka. Mara ya tatu alibonyeza mwenyewe kitufe cha kuwashia. Kwa dakika zile chache hapakuwa na mwanamke mwenye furaha kumzidi mjini Dodoma. Alikuwa akiwaza usaili, uso wa Mama Dorothea, na namna atakavyompa Jamaldini habari hii njema, kwamba sasa hahitaji kukimbizwa kwa baiskeli kama mkunga.

Hapo Bupe, kwa wema kabisa, akasema lililomsumbua. Kwamba ni ajabu, maana yeye alikuwa Morogoro siku ilipofundishwa, na yule aliyejitambulisha kuwa mume wa Adija wa Makole alikuwepo. Kisha akaharakisha kuuliza kama chai ipo tena.

"Endelea," alimwambia.

Bupe alisema labda amekosea, ni miaka mingi. Adija akamwambia aendelee.

"Aliketi upande wangu wa kulia, dada. Alimuuliza mwalimu mara mbili namna ya kukizima. Nilidhani anauliza ili ajiepushe na hatari."

Adija alitafuta sababu, kama anavyotafuta kila mtu anayependa. Huenda alisahau. Huenda hakuelewa vizuri na aliona haya kuuliza tena. Karani wa ghala si mtaalamu. Akaamua ampe nafasi, na hii nafasi aliyompa ndiyo iliyomuumiza kuliko yote. Alizima kompyuta. Tiki aliiacha mahali pake. Akawaomba Bupe na Nathanaeli wasiseme lolote. Nathanaeli alitaka kutoka nje, akamwambia akae.

Jamaldini aliingia adhuhuri, ananukia vumbi na ubani wa mazikoni. Alimsalimu mgeni, akapokea kikombe chake, akaketi. Adija akamwambia mashine imelala. Alizungumza kwa sauti yake ya siku zote, na vidole vyake akaviweka juu ya kibao kama siku zote.

Kompyuta ikawashwa. Kitambo kidogo, vinundu vikainuka chini ya vidole vyake, kimya, kabla Jamaldini hajagusa kipanya. Yeye alikuwa akitazama skrini. Kibao hakuwahi kukitazama, hakikuwa kitu cha macho. Akaanza kubofya. "Leo mbishi," alinong'ona. "Soketi ya pili hii inanisumbua." Na Adija alikuwa akisoma. Kila alichokifungua mumewe kilimpitia vidoleni: akafungua saa, akaifunga, akafungua mahali pa kubadilisha rangi, akapafunga. Alikuwa akizungukazunguka tu, kama mtu anayezurura sokoni ili aonekane ana shughuli.

Kisha akafika kwenye kijisanduku. Adija alilisoma jina lake chini ya vidole, na mbele yake alama kwamba kimewekwa tiki. Kipanya kilinyamaza. Jamaldini alikuwa ameiona. Adija alishusha pumzi taratibu, akangoja, na moyoni alikuwa akimwombea. Iache. Sema, aa, kumbe kuna kitu hapa. Sema nilisahau. Sema lolote.

Alama ikafutika. Vinundu vikazama vyote kwa pamoja, na chini ya vidole vyake pakabaki ubapa mtupu.

Ulipita muda, kubofya kukaendelea, kisha vikainuka tena kwa njia ya zamani.

"Haya, tayari, Mama Aiman."

"Ahsante, Baba Aiman," alisema Adija. Akapitia kurasa za Bupe mpaka mwisho, na hakuacha kosa hata moja. Kikulacho ki nguoni mwako, watu huimba tu. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Alimwambia nyumbani jioni hiyo, watoto wakiwa kwa bibi yao. Hakupaza sauti. Alimweleza alichokisoma kwa vidole, saa, rangi, kijisanduku, hatua kwa hatua, na Jamaldini mwanzoni alianza kukana, akafika katikati ya sentensi, akaacha. Adhana ya magharibi ilipopita, alisema mambo ya ajabu. Kwamba yeye Adija hajui, hawezi kujua, inavyokuwa kukaa barazani na wanaume waliokuwa wakikusubiri uwafungulie ghala, na sasa hata mtoto hakutumi. Kwamba Bartolomayo akitokea pale kwenye kona na baiskeli yake, watu wote huinua miguu kumpisha, na mpaka anafika Makole anakuwa mtu. Kwamba kule Morogoro, mwalimu alipokionyesha kile kijisanduku, wengine walipiga makofi, na yeye aliona wanamzika.

Adija alimsikiliza mpaka mwisho. Alimwonea huruma, na huruma ile ilimkasirisha zaidi, maana hata hiyo Jamaldini alikwisha kuichafua kwa uongo wake.

"Ungeniambia," alisema, "ningetuma uitwe kila siku, mashine ikiwa macho. Ningekaa mbele yake nikingoja. Hakuna mtu angejua isipokuwa mimi na wewe."

Baadaye Jamaldini alimwomba jambo moja, kwamba kwenye usaili aseme wametumiwa programu mpya kutoka Dar es Salaam.

Adija hakumwahidi wala hakumkatalia. Kwa siku zilizobaki alilifikiria, na angeweza kulisema; lilikuwa neno jepesi, lisilomdhuru mtu. Usiku alilijaribu mdomoni kimoyomoyo. Lakini uongo ule ungetaka kulishwa kila siku. Mashine ikilala na kuamka, angekumbuka. Nathanaeli alijua, Bupe alijua. Na zaidi ya hayo, hakutaka tena kushiriki siri yoyote na mtu yule. Siri ni kitanda, hulali na usiyemwamini.

Siku ya usaili Jamaldini alimpeleka kama kawaida, akamkabidhi mlangoni, akaketi kwenye benchi la nje chini ya dirisha la ofisi, akapewa chai yake. Ndani walikuwemo Mama Dorothea na wajumbe wawili wa bodi. Waliuliza mambo ya kazi, Adija akajibu. Kisha Mama Dorothea akakohoa kidogo, akauliza lile lile.

"Inaamka yenyewe," alisema Adija. Akaeleza, na kama wanataka waonyeshwe, mashine iko chumba cha pili, waizime wao wenyewe.

Walifurahi. Mama Dorothea alifurahi kuliko wote, akauliza ni tangu lini jambo hili zuri. Nje, chini ya dirisha, Adija alisikia kikombe kikiwekwa juu ya kisahani.

"Tangu mwaka wa sensa," alisema. "Mume wangu alikuwa akiizima."

Mama Dorothea, ambaye miaka ile yote alimpa yule mwanamume kiti na chai na kuwakataza wengine wasisogee, alimshika Adija mkono juu ya meza. Adija alipotoka, benchi lilikuwa tupu. Bartolomayo ndiye aliyemsindikiza nyumbani, akiikokota baiskeli yake pembeni.

Alipewa kazi. Meza zikahamishwa alivyopanga zamani. Umeme ulikatika na kurudi, mashine ikapiga hodi kwenye soketi zake, kibao kikaitika, na baiskeli ya Bartolomayo ikaota kutu. Barazani hawakumuuliza Jamaldini kitu. Watu wa Majengo wana adabu ya kutouliza wanachokijua. Ila hawakumwita tena Fundi, na alipofika hawakuinua miguu.

Ndugu za Adija walimshauri adai talaka. Hakudai. Alisema ana watoto na nyumba, na kwamba mtu hadai talaka kwa sababu ya kompyuta, na waliomsikia walijua hasemi anachokihisi. Alianza kuuliza. Anastazia, jirani yao, aliulizwa kama geti la nyumba yao ni la kijani kweli. Akaulizwa kanga ile aliyonunuliwa sikukuu imeandikwa nini. Akaulizwa kama Salwa ana kovu dogo juu ya nyusi, kama baba yake alivyosema, au ni kubwa. Geti lilikuwa la kijani. Kanga iliandikwa kile kile alichosomewa. Kovu lilikuwa dogo. Kila siku Adija aligundua kuwa mumewe alimwambia kweli, na kila siku alikuja na jingine la kuuliza, mpaka Anastazia akawa anajificha jikoni akisikia hodi.

Jamaldini aliendelea kumpeleka kazini, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amesema aache. Walitembea mkono kwa mkono bila maneno mengi. Asubuhi moja walikuta mtaa umechimbwa kwa ajili ya mabomba ya maji.

"Mbele kuna mtaro, Mama Aiman," alisema. "Wameweka ubao upande wa kulia. Pita hapo."

Miaka yote ya ndoa yao angeutia mguu pale alipoambiwa, hata kama ni hewani. Adija alisimama. Akautoa mkono wake kwenye mkono wa mumewe, akaikunjua fimbo nyeupe aliyopewa na kituo, akapapasa mbele taratibu mpaka akaupata ukingo wa mtaro, akaufuata kwenda kulia, akaugonga ubao, akaugonga tena. Ubao ulikuwepo, palepale aliposema. Akavuka. Jamaldini alibaki ng'ambo akiitazama ile fimbo, kisha akavuka naye, akamfuata kwa nyuma hadi geti la kituo.